Kipimo Si Kiapo

Mtu akirudi kutoka kupimwa moyo, nyumbani huulizwa kama majibu yametoka safi. Kwa malaria tunauliza imeonekana au haikuonekana, kwa presha tunauliza imefika ngapi. Moyo ukishatajwa, lugha inahamia uwanja mwingine, wa safi na chafu, mweupe na mweusi. Si ajabu, kwa sababu Kiswahili kimelitwisha neno moja mizigo miwili. Moyo ni nyama inayosukuma damu, na moyo ni mahali tunapoweka nia, ujasiri na dhamiri. Tunamtia mtu moyo, tunakufa moyo, tunamsifu mwenye moyo mweupe, na hatudhani tumesema lolote kuhusu valvu wala mishipa. Lakini karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikitoka na mstari usio wa kawaida, mizigo ile miwili inachanganyika, na mgonjwa anapewa hukumu ambayo hakuna mashine iliyoitoa. Nadai kwamba kipimo cha umeme wa moyo tunakipokea kana kwamba ni kiapo, na kwamba kwa kufanya hivyo tunawakosea wawili kwa mpigo mmoja: mgonjwa, anayebebeshwa lawama, na kipimo chenyewe, ambacho thamani yake yote imo katika kukataa kuwa kiapo.

Kiapo ninachokusudia si kile cha kushika Biblia au Msahafu mahakamani. Ni kile cha kale cha kupimana, kilichosimama juu ya imani kwamba mwili haujui kudanganya. Mshtakiwa alinyweshwa mwavi. Akitapika hana hatia, akifa alikuwa mchawi. Wamijikenda wa pwani ya Kenya walikuwa na shoka lililotiwa motoni, na kiganja kilichobabuka kilitosha kumshtaki mwenyewe. Wamisri wa kale walikipeleka kiapo hicho hadi ahera: moyo wa marehemu uliwekwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya wa Maat, na moyo uliozidi uzito ukatupiwa mnyama Ammit aumeze. Ndiyo maana waliohifadhi maiti waliuacha moyo kifuani ilhali ubongo waliutoa. Naitaja Misri bila kejeli. Mto Mara, unaozitenga wilaya za Tarime na Serengeti kaskazini mwa Tanzania, hupeleka maji yake Ziwa Victoria, na ya ziwa hutoka yakaitwa Nile, basi sioni ajabu wazo moja likikutwa kwenye ncha zote mbili za maji hayo. Na kwa Wakurya wa Gorong'a, huko Tarime, mwili huitwa ushahidini mapema zaidi, ujanani. Anayetahiriwa husimama mbele ya umati unaomkodolea macho. Uso hautakiwi kukunjamana, jicho halitakiwi kupepesa. Kutikisika mbele ya ngariba ni aibu, kwa kuwa inaaminika kwamba kilichotikisika si ngozi, ni moyo.

Mtu aliyelelewa hivyo ndiye anayeingia chumba cha ECG, anaambiwa avue shati, alale chali, asitikisike. Neno ni lilelile, sababu ni nyingine kabisa. Muuguzi anafuta mafuta na jasho, pengine ananyoa nywele kidogo ili vibandiko vishike. Vipo kumi: sita vinapangwa kifuani kuelekea ubavu wa kushoto, vinne vinakwenda kwenye mikono na miguu. Kwa nyaya hizo kumi mashine inautazama moyo kutoka pembe kumi na mbili. Wengi hulala pale wakisubiri kupigwa shoti, na shoti haiji, kwa sababu mashine haiingizi umeme wowote mwilini. Inasikiliza tu umeme ambao moyo wenyewe huuzalisha kabla ya kila pigo, mdogo kiasi cha sehemu moja ya elfu ya volti. Karatasi yenye miraba hupita kwa milimita 25 kila sekunde, hivyo mraba mdogo mmoja ni sekunde 0.04. Kurekodi huchukua kama sekunde kumi; dakika zinaliwa na maandalizi. Mwanamke anaweza kuomba muuguzi wa kike na kufunikwa khanga, kwa kuwa stara haiharibu kipimo. Kinachokiharibu ni kutetemeka, nako ni kwa sababu ya kifundi tu: misuli yote huendeshwa kwa umeme, na mkono unaotetemeka huchora vijimeno juu ya mstari wa moyo. Mashine haiwezi kujua kama ni tetemeko la woga, la baridi au la uzee. Mitetemo ya wagonjwa wa Parkinson imewahi kuonekana kwenye karatasi kama mapigo ya hatari, kumbe moyo umetulia. Mbele ya ngariba kutikisika kuna maana nzito. Hapa ni dosari ya karatasi, na muuguzi anabonyeza kitufe upya.

Shahidi wangu wa kwanza ni mbwa. Mwaka 1887, London, Augustus Waller alifanikiwa kuurekodi umeme wa moyo wa binadamu kutoka nje ya mwili, bila kumpasua mtu. Alikuwa na mbwa wake aliyeitwa Jimmy, ambaye alizoea kusimama ametumbukiza miguu katika vyombo vya maji ya chumvi huku moyo wake ukichorwa mbele ya wageni. Baada ya onyesho la mwaka 1909 swali lilifika hadi bungeni, iwapo mnyama yule alikuwa akiteswa. Hakuwa akiteswa; alikuwa amelowa miguu. Wakati huo Willem Einthoven, wa Leiden huko Uholanzi, alikuwa ameshatengeneza chombo sahihi zaidi, chenye uzito wa karibu kilo 270, na wagonjwa wake pia waliketi wakiwa wametia mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Ni yeye aliyeyapa mawimbi herufi P, Q, R, S na T, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobeli. Ukiuweka mchoro wa mbwa kando ya mchoro wa mtu, herufi hizo utazikuta kwa wote wawili. Jimmy hakuwa na dhambi ya kuungama, wala kiapo alichovunja, wala mzee aliyemlaani, na moyo wake uliandika herufi zilezile unazoandika moyo wa askofu. Kifaa kisichowatofautisha hao wawili kwa jambo tunalolitaka hakina namna ya kutuambia jambo hilo.

Shahidi wa pili ni wasomaji wa karatasi zenyewe, maana wao ndio wanaojua jinsi kilicho safi na kilicho chafu kinavyoweza kubadilishana nguo. Kwa vijana wenye asili ya Afrika, hasa wanamichezo, ni kawaida kuona sehemu ya mstari imeinuka, au wimbi la T limegeuka, kwa namna ambayo kwa mzee anayeumwa kifua ingeamsha wodi nzima. Madaktari wa moyo wa wanamichezo wamelazimika kuweka vigezo vinavyozingatia asili ya mtu, kwa sababu vya awali vilitokana zaidi na vifua vya Wazungu na viliwatia ugonjwa watu wazima wa afya. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kuwa na mapigo 45 kwa dakika akawa mzima kuliko daktari anayemsoma. Na upande wa pili kuna mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeziba kwa kiasi, akilala chali anatoa mstari usio na kasoro, tatizo likajitokeza pale tu anapopanda kilima. Kuna ambaye moyo wake huenda mbio mara moja kwa wiki, usiku, na saa nne asubuhi kliniki hakuna kitu. Siku ina sekunde 86,400. ECG imeziona kumi. Norman Holter wa Montana, Marekani, aliliona tatizo hilo akabuni njia ya kurekodi moyo wa mtu akiwa katika shughuli zake. Kifaa chake cha kwanza kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa karibu kilo 38, yaani mzigo wa punda; siku hizi kinaning'inia kiunoni kwa saa 24 au zaidi. Kwa hiyo daktari akisema ECG ni ya kawaida, amesema kwamba kwa sekunde hizo kumi, mtu akiwa amelala, hakuna hitilafu iliyoonekana. Anayesikia neno safi amejiongezea mwenyewe yale yaliyosalia.

Yule aliyeambiwa kinyume chake naye anajiongezea. Chukua ugonjwa wa valvu unaotokana na homa ya rumatiki, ambao bado unawasumbua watoto na vijana wengi Afrika Mashariki, na ambao Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hupokea wagonjwa wake kutoka mikoa mingi. Unaanza na maumivu ya koo. Bakteria wa koo wasipotibiwa, kinga ya mwili wa mtoto inaweza kugeuka ikaushambulia moyo wake mwenyewe, na baada ya miaka valvu imekakamaa. Kipimo cha ECHO, kile cha picha ya moyo, kinaionyesha valvu. ECG inaonyesha kinachofuata, pale vyumba vya juu vya moyo vinapoacha kupiga kwa mpango na kubaki vikichezacheza, hali inayoweza kugandisha damu na kuleta kiharusi kwa mtu wa miaka thelathini. Kiharusi hicho kikitokea kijijini, maswali hayachelewi: alimkosea nani, alikula nini cha nani, nani alinuna siku ya mazishi. Rafiki zake Ayubu walianza hivyohivyo, na kitabu kizima kimeandikwa kuonyesha kwamba walikosea. Njia halisi ya ugonjwa huu ilipita kwenye koo la mtoto wa miaka minane na penisilini ambayo hakuipata. Hakuna kipimo cha moyo wa nia kinachoweza kumtia hatiani mtoto huyo, na akikua akawa baba wa watu hatia hiyo haizaliwi upya.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema nimeitenga mioyo miwili kwa urahisi mno, ilhali kila mtu anajua kwamba hofu hupandisha mapigo, hasira huyavuruga, na msiba huangusha watu. Ana haki, na ushahidi wake ni mzito kuliko anavyodhani. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali waliyoiita takotsubo, kwa jina la chungu cha kunasia pweza, kwa sababu chumba cha chini cha moyo huvimba kikafanana na chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, mara nyingi baada ya mshtuko kama kufiwa. ECG yao inafanana na ya mtu aliyepatwa na shambulio la moyo, lakini mishipa ikipimwa inakutwa wazi, na kwa wengi moyo hurudi katika hali yake baada ya wiki chache. Basi huzuni inaandikika. Lakini tazama kilichoandikika ni nini. Karatasi inasema moyo umepigwa. Haisemi umepigwa na nini. Ili kujua kwamba mama huyu amemzika mume juzi, lazima mtu avute kiti aulize. Waliojaribu kuruka hatua hiyo ya kuuliza walitengeneza mashine ya kunasa uongo, inayopima pumzi, jasho na mapigo ili mwili umshtaki mwenye nao, na ni mwavi uleule uliovalishwa nyaya. Sayansi haikuithibitisha, na mwaka 1988 Marekani, iliyoieneza, ilipitisha sheria ya kuwazuia waajiri wengi wa kampuni binafsi kuitumia kwa wafanyakazi wao. Mwenye hofu na mwongo wana mapigo mamoja. Mioyo miwili inagusana, nakubali, kusomana haisomani.

Pingamizi la pili linatoka kanisani, na Mara ni mkoa wa makanisa: Wasabato, Wakatoliki, na Wamenonaiti waliofika Shirati mwaka 1934 na punde wakaanza huduma za afya. Linasema Mungu ndiye aujuaye moyo, na anayekimbilia mashine ametafuta ujuzi mdogo mahali pa mkubwa. Nadhani pingamizi hili linaanguka kwa neno lake lenyewe. Maandiko yanaposema Mungu huutazama moyo, yanazungumzia nia ambayo macho ya watu hayaioni. Hayamwahidi mtu kwamba mawimbi ya T yatasomwa kwa niaba yake. Mfalme Hezekia aliomba, akasikilizwa, akaongezewa miaka, na bado nabii akaagiza bonge la tini liwekwe kwenye jipu. Wasabato wa Tarime wana mfano wa karibu zaidi na nyumba yao. Oktoba 1984, katika hospitali ya kanisa lao huko Loma Linda, California, Dkt. Leonard Bailey alimpandikiza mtoto mchanga, aliyejulikana kwa jina la Baby Fae, moyo wa nyani. Mtoto aliishi karibu wiki tatu baada ya upasuaji. Mjadala ulikuwa mkali, kuhusu ridhaa ya wazazi, kuhusu mnyama, kuhusu kuwahi mno. Lakini aliyezikwa na wazazi wake alikuwa mtoto wao. Kama nafsi ingekaa kwenye nyama ile, watu wa dini wasingethubutu kuigusa.

Kuna sura ya pili ya pingamizi hilo, nayo inanisumbua zaidi kwa sababu inakuja ikiwa rafiki wa mashine. Ni pale karatasi ya ECG inapopandishwa madhabahuni: hii ya kabla ya maombi, hii ya baada, shangilieni. Mapigo yaliyokuwa yakivurugika kwa vipindi yanaweza kukutwa shwari asubuhi yoyote, mgonjwa akiwa ameombewa au hajaombewa, na mtu aliyeshangiliwa kwa sekunde kumi anaacha dawa za kuzuia damu kuganda. Sipingi kwamba Mungu huponya. Ninachopinga ni kuigeuza karatasi kiapo cha upande wa kuachiliwa, kwa sababu anayekubali leo kwamba mstari mzuri umethibitisha imani yake, kesho mstari ukiharibika hana pa kujificha. Atakuwa amejifunga mwenyewe kwa kamba aliyoishangilia.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo kwangu ndilo la kweli kabisa. Mgonjwa hakuja kutafuta milimita. Anauliza kwa nini yeye, kwa nini sasa, na inchama, baraza la wazee wa Kikurya, au mganga, au mchungaji, angalau wanampa jibu. Mashine inampa miraba. Ni kweli mashine haijibu. Lakini swali la kwa nini yeye lina sehemu mbili, na ile inayohusu watu karatasi inaifungulia njia kwa kuifunga ile ya bure. Tukiacha kuuliza alimkosea nani, tunaweza kuuliza kwa nini koo la mtoto halikutazamwa, na kwa nini safari ya mtu wa Gorong'a kumfikia anayeweza kuisoma karatasi hii inaweza kuanzia zahanati isiyo na mashine, ikapita hospitali ya wilaya, Musoma, hospitali ya Bugando kule Mwanza, pengine hadi Dar es Salaam, kila ngazi ikila nauli na siku za shamba. Hapo kuna hatia ya kutafuta, tena ya watu wazima wenye bajeti mikononi. Umbali huo haukuwahi kuwa fumbo la kisayansi. Chombo cha Einthoven kilikuwa kizito mno kupelekwa hospitali, naye hakuwahamisha wagonjwa; mwaka 1905 aliupokea umeme wa mioyo yao kwa waya wa simu, kutoka umbali wa kama kilomita moja na nusu. Simu zipo hata Gorong'a, na picha ya karatasi hufika kwa daktari wa mbali kwa sekunde zilezile kumi. Kinachobaki ni mashine ya kuitoa, umeme wa kuiwasha, na daktari aliyepangiwa kuipokea. Mambo hayo yangeweza kusemwa kwenye ritongo, mkutano wa hadhara wa Wakurya, kama yanavyosemwa ya ng'ombe walioibwa.

Kuhusu mgonjwa mwenyewe, kuna jambo moja dogo ambalo wauguzi husahau kulisema. Karatasi nyingi za ECG huandikwa kwa joto, si kwa wino, na zikikaa juani, au karibu na jiko, au zikafungwa ndani ya nailoni, mstari hupauka hata ukapotea. Ipigwe picha au itolewe nakala mapema, na tarehe iandikwe. Safari ijayo daktari ataiomba, kwa sababu wimbi lililogeuka ambalo lilikuwepo miaka mitano iliyopita si habari sawa na lililogeuka leo asubuhi. Ataziweka mbili sambamba mezani, ya zamani na mpya, na kuulinganisha moyo huo na wenyewe.